Naomba ushauri: sijashtakiwa, lakini kazini na mtaani nishakuwa mwizi

Wakuu, salaam. Nilikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nondo zilipopungua, bosi akaniitia polisi. Nikalala mahabusu siku moja, nikatoka kwa dhamana ya polisi, nikawa naripoti kila Jumatatu. Mwezi wa tatu sasa, sijafikishwa mahakamani hata mara moja.

Wiki mbili zilizopita bosi kanipa barua ya kuniachisha kazi kwa "wizi". Kikao cha kunisikiliza hakikuwepo. Mtaani hata kikundi cha kufa na kuzikana kimenivua uweka hazina (nilioushika miaka minne bila kasoro!).

Nimesoma Katiba ibara ya 13(6)(b): ni marufuku kumtendea aliyeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sasa mimi ambaye hata sijashtakiwa, inanilinda vipi?

Najua malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, na zimebaki 16. Niende sasa hivi, au nisubiri polisi wafunge jalada? Na hiyo dhamana naombaje ifutwe? Wanasheria, nisaidieni.