Trekta dogo la dizeli: akseleta juu na PTO namba moja, au chini na namba mbili?

Shamba_Cheju:
Assalaam alaykum. Nimenunua trekta dogo la dizeli, mtumba wa Kijapani. Dereva mmoja ananambia nilimie mizunguko ya injini 2,500 kwa dakika, PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine) gia namba moja. Mwengine anasema shusha 1,500 utie namba mbili, mafuta utayaona yanavyobaki. Kipi bora? Jumamosi naingia bondeni.

Fundi_Wete:
Waalaykum salaam. Kwa kazi gani, ami? Hospawa ngapi? Rotavata, ile ya visu vinavyozunguka, au plau? Unataka dawa na maradhi hujayataja.

Mzee_wa_Ole:
Mie mwaka wa nne huu nalimia 1,500 na injini haijafunguliwa. Makelele hayachimbi.

Fundi_Wete:
Mzee wangu, shikamoo. Wewe unalima muhogo kwenye mchanga. Cheju ni kinamo, udongo mzito, tena kikilowa kinashika kama gundi. Rotavata nyingi zimeundwa kwa PTO ya mizunguko 540 kwa dakika, na trekta dogo hulifikia hilo injini ikiwa 2,400 hadi 2,600 hivi, namba moja. Namba mbili huizungusha shafti haraka zaidi; ukiitia halafu kijana akajisahau akavuta akseleta, umezungusha mashine kupita kiasi chake.

BiKibokwa:
Nikwambieni yaliyonifika. Kijana wangu alisikia hayo hayo ya kubana mafuta. Tope bichi, rotavata imezama yote, akseleta chini. Mie nimesimama juu ya tuta naona moshi mweusi, nikadhani ndiyo kazi inakwenda. Kumbe injini imelemewa. Feni na pampu ya maji huzunguka na injini. Injini ikenda taratibu, navyo taratibu. Na rejeta imeshajaa makapi ya mpunga, hakuna upepo unaopita. Ikachemka. Basi si angeiacha ipoe? Akachota maji ya mferejini akamimina, fyuu! Hedi ya injini ikapasuka. Spea tukaisubiri boti kutoka Dar, mvua haikutusubiri. Nikakodi pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono, nusu ya shamba ikalala. Hayo mafuta yaliyobanwa hata galoni moja hayakufika.

Mzee_wa_Ole:
Hapo tatizo rejeta na ujinga wa kijana, si mizunguko.

BiKibokwa:
Vyote viwili, baba.

Karafuu_Trela:
Mie kazi yangu zaidi ni trela, si rotavata. Barabara tambarare naweka gia ya juu, 1,700 inatosha, mafuta kidogo na masikio yanapumzika. Mlima ukija nashuka gia mapema. Kipimo changu: nikiongeza akseleta na injini haipandi, ujue imelemewa.

Fundi_Wete:
Hapo umesema kweli. Kazi nyepesi, punguza. Rotavata kwenye kinamo, usinibishie.

Mzee_wa_Ole:
Nabisha. Na hiyo dizeli ya madumu mnayouziwa barabarani, nusu maji, mbona hamuisemi? Nozeli zangu mbili, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimekufa kwa maji, si kwa mizunguko.

Karafuu_Trela:
Chuja kwa kitambaa, halafu kila asubuhi fungua kile kikombe cha filta umwage maji.

Fundi_Wete:
Kitambaa hakizuii maji, bwana. Liache dumu litulie usiku kucha, usimimine la chini.

Shamba_Cheju:
Ahsanteni. Ni hospawa 24, rotavata ilikuja nayo. Ila mshale wa mizunguko haufanyi kazi.

Fundi_Wete:
Sasa hiyo 2,500 mlikuwa mnaipimia nini?

Shamba_Cheju:
Sikio la dereva.

BiKibokwa:
Yarabi.

Fundi_Wete:
Angalia kebo ya mita kwanza, nyingi hukatika hiyo tu. Usiingie bondeni kabla, na rejeta uipulize.

Mzee_wa_Ole:
Au njoo Ole usikilize 1,500 inavyolia.

Karafuu_Trela:
Samahanini naingilia, kuna mwenye visu vya rotavata? Vya kulia ninavyo, natafuta vya kushoto.