Upatanisho: kama Kristo alishamaliza, imani inafanya kazi gani? (somo la seli, Kirumba)

Mwana_wa_Kirumba

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi ijayo kuna somo la seli (kikundi chetu kidogo cha Neno) hapa Kirumba, Mwanza, dakika 40, watu kumi na wawili, wengi wao wauza dagaa na sangara pale soko la Mwaloni. Maandiko ni Warumi 3:21–26 na 2 Wakorintho 5:18–21. Kuna maswali yaliachwa mezani wiki iliyopita, na hayajibiki kwa "amini tu mpendwa".

La kwanza: ikiwa Mungu alishaupatanisha ulimwengu msalabani, mbona Paulo anageuka palepale na kuwaomba watu wapatanishwe? Jambo limekwisha au halijaisha? La pili: imani inaongeza nini? Kama inaongeza kitu, si itakuwa malipo yetu hiyo? La tatu ndilo litakalopasha chumba moto. Mtu amekula hela ya kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), laki tatu, kisha akatubu. Wapo wanaosema yuko huru kabisa, damu imefunika. Wapo wanaosema mpaka apeleke "sadaka ya upatanisho" madhabahuni ndipo Mungu amwachilie.

Naomba mistari, mahubiri tutayasikia Jumapili.

Daftari_la_Neno

Amina mtumishi. Anza na neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko imo ndani ya Kiswahili chetu.

Pale Mwaloni watu wanapatana kutwa nzima. Mwenye ndoo anataja bei, mnunuzi anaishusha, huyu anapunguza, yule anapanda, wanakutana katikati. Ukisema "upatanisho na Mungu" bila kufafanua, msikilizaji wako atadhani Mungu ameshusha kidogo na sisi tumepandisha kidogo. Sasa waandikie ubaoni: pata, patana, patanisha, patanishwa. Paulo akizungumza habari za Mungu na watu hutumia mbili za mwisho. Mungu anapatanisha, sisi tunapatanishwa. Hakuna mahali Paulo anasema mtu fulani alimpatanisha Mungu. Tena Warumi 5:10 inataja na wakati: "tulipokuwa adui". Hapo hakuna aliyekuwa amekaa kitako kujadili bei.

Na angalia "na" katika "mpatanishwe na Mungu" ya 2 Wakorintho 5:20. Kwa Kiswahili inasomeka njia mbili, kama "apigwe na baba" au kama "akae na baba". Kigiriki, lugha aliyoandikia Paulo, hapo kinamaanisha kurudishwa kwake. Ila mstari wa 18 unasema mtendaji naye ni Mungu huyohuyo, kwa hiyo atakayesoma vile vingine hajapotea mbali.

Sasa swali la kwanza. Biblia ya Union Version, ile ya 1952, imeandika "upatanisho" katika Warumi 3:25 na pia katika Warumi 5:11, lakini Kigiriki kina maneno mawili tofauti. Katika 3:25 ni *hilasterion*. Hilo ndilo jina la kifuniko cha sanduku la agano katika Agano la Kale la Kigiriki, na Waebrania 9:5 imelitafsiri "kiti cha rehema". Ni pale damu iliponyunyizwa, hatia ikashughulikiwa. Katika 5:11 ni *katallage*, uhusiano uliovunjika kurudi. Kitenzi cha neno hilo ndicho kilichotumika katika 1 Wakorintho 7:11 kwa mke aliyeachana na mumewe: "apatane na mumewe".

Hatia imeshughulikiwa mara moja. Waebrania 10:12 inaiita "dhabihu moja idumuyo hata milele", na kuhani ameketi. (Katika hema ya kukutania hapakuwa na kiti cha kuhani kuketi, kazi haikuwa na mwisho.) Uhusiano nao umetolewa mzima, lakini uhusiano hauwezi kukamilika upande mmoja ukiwa umegeuka mgongo, ndiyo maana Warumi 5:11 inasema "tumeupokea". Mume anaweza kusamehe yote, akafuta yote, akatuma na nauli ya kivuko. Mke akibaki Sengerema, msamaha upo ila nyumba bado haijarudiana. Sihi ya 2 Wakorintho 5:20 inamwita arudi. Haimwambii achangie nauli.

Swali la pili ni jepesi ukishika vihusishi. Imeandikwa "kwa njia ya imani". Paulo hajaandika popote kwamba tunahesabiwa haki *kwa sababu ya* imani, kana kwamba imani ndiyo iliyomridhisha Mungu. Warumi 4:4–5 imetenga kabisa: afanyaye kazi hulipwa ujira, na ujira ni deni, aaminiye hahesabiwi kwa mkondo huo. Imani yenyewe ina sehemu tatu, kujua, kukubali kwamba ni kweli, na kutegemea. Mashetani wa Yakobo 2:19 wanazo mbili za kwanza.

Hitilafu utakayoikuta kwenye seli ni ya mtu anayepima imani yake kama anavyopima mafuta ya injini: "bado haijatosha". Huyo amekwisha kuigeuza imani kuwa malipo bila kujua. Mrudishe kwa anayeaminiwa, aache kujipima.

Katekista_Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo. Namuunga mkono ndugu Daftari kwa sehemu kubwa, nami naingia kwenye kikoba.

Soma Walawi 6:1–7. Mtu amemdhulumu mwenzake, amekula amana, au ameapa uongo. Sheria inataka vitu viwili, kwa mpangilio: kwanza arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, kisha alete kondoo dume wa sadaka ya hatia. Kwa laki tatu, sehemu ya tano ni elfu sitini, jumla 360,000. Na zinaenda kwa nani? Kwa aliyedhulumiwa. Hesabu 5:8 ndiyo inayoruhusu zipelekwe kwa kuhani, tena pale tu ambapo mwenyewe hayupo na hana jamaa wa karibu wa kuzipokea. Kikoba kina wanachama hai wenye daftari. Kwa hiyo anayemwambia huyo mtu apeleke fedha madhabahuni ili aachiliwe amekosea mahali pawili: amezielekeza fedha kwa asiyezidai, na amerudisha sadaka ya dhambi ambayo Waebrania 10:18 imeifunga: "hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi."

Lakini na huyu wa "damu imefunika" asishangilie. Kondoo dume ndiye aliyepata utimilifu katika Kristo. Ile laki tatu haikuwa kondoo, ilikuwa mali ya watu. Zakayo katika Luka 19:8 alirudisha mara nne, kiwango cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. (Ng'ombe ni watano kwa mmoja. Sungusungu wangeupenda mstari huo.) Angalia tu mpangilio: Yesu alijialika nyumbani kwake katika mstari wa 5, malipo yakaja mstari wa 8. Angelipa kwanza ili aalikwe, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Sisi Wakatoliki tuna Sakramenti ya Kitubio yenye majuto, maungamo, malipizi na maondoleo. Watu wengi, hata wetu, hudhani malipizi ndiyo bei. Siyo. Maneno ya maondoleo yanaanza na Mungu Baba aliyeupatanisha ulimwengu naye kwa kifo na ufufuko wa Mwanawe, yaani 2 Wakorintho 5 hiyohiyo. Malipizi yanatengeneza kilichopinda ndani ya mtu, na wajibu wa kurudisha mali ya wizi unabaki palepale hata baada ya maondoleo.

Tunapotofautiana nanyi, sisi tunasisitiza imani "itendayo kazi kwa upendo", Wagalatia 5:6. Hata hivyo Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wetu), mwaka 1547, ulisema wazi kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, si imani wala matendo, kinachoistahili neema hiyo. Walutheri na Kanisa Katoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Kwa hiyo usiwaambie wanaseli wako kwamba Wakatoliki wananunua msamaha. Utapingwa na jirani.

Mwana_wa_Kirumba

Nimepata kitu, asanteni sana. Mawili yamebaki. Kuna atakayesema "bila damu hakuna ondoleo" na kutaka maelezo ya Walawi 16. Na je, nitumie neno kafara? Wengine wanasema Yesu ni kafara yetu.

Mzee_wa_Nassa

Mwangaluka, mwanangu. Kwa asili neno kafara halina kosa, mzizi wake ni mmoja na lile la Kiebrania *kipper*, kufanya upatanisho. Lakini ukanda wetu huu, kuanzia visiwani mpaka machimboni Geita, ukisema "ametoa kafara" watu wanaelewa mtu amemtoa ndugu yake ili apate mali. Mtafutaji anatoa damu ya mwingine, anaipeleka kwa nguvu asiyoijua, anadai faida. Msalaba umekwenda kinyume kwa kila kipengele: aliyekosewa ndiye anayetoa, anajitoa mwenyewe, na faida inakwenda kwa mkosaji. Hata Walawi 17:11 ilikwisha kuelekeza huko: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu". Mungu ndiye mtoaji tangu Agano la Kale. Tumia neno hilo ukiwa na dakika tano za kulieleza. Kama huna, sema dhabihu.

Walawi 16 ifupishe hivi. Siku ni ya kumi ya mwezi wa saba, mara moja kwa mwaka. Kuhani mkuu anaoga, anavaa kitani tupu: kanzu, suruali, mshipi, kilemba. Anachinja ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake, maana naye ni mkosaji. Anaingia na chetezo na konzi mbili za uvumba ili moshi ukifunike kiti cha rehema asije akafa. Damu ananyunyiza kwa kidole, juu ya kiti upande wa mashariki, kisha mbele yake mara saba. Halafu mbuzi wa watu, vilevile. Baada ya hapo ndipo anamgeukia mbuzi wa pili, aliye hai, anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaungama maovu ya Israeli, na mtu aliyewekwa tayari anampeleka jangwani.

Hapo watu huwa wanachanganya. Mbuzi wa kwanza damu yake inasafisha, wa pili anachukua na kuondoa. Ni tendo moja lenye nyuso mbili, ndiyo sababu Yohana 1:29 inasema "aichukuaye dhambi". Akitokea ndugu Mwadventista akauliza huyo Azazeli anayetajwa pamoja na mbuzi wa pili ni nani, wao wanafundisha ni Shetani. Mpe siku yake, la sivyo dakika 40 zitaishia jangwani.

Na hiyo Waebrania 9:22, isomeni yote: "*karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu". Walawi 5:11 inamruhusu maskini asiyeweza hata makinda mawili ya njiwa kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, bila mafuta wala ubani. Hiyo ni lita mbili na kidogo, nusu sado hivi (sado ni kopo la lita nne). Unga nao ulikubaliwa kuwa sadaka ya dhambi kwa sababu Mungu alisema unakubaliwa. Nguvu ilikuwa kwenye agizo lake. Wingi wa damu haukuwa kipimo.

Mama_Seli_Igoma

Nyongeza kuhusu mifano. Tafadhali usitumie ule wa hakimu anayemwua mwanawe asiye na hatia ili mhalifu aende nyumbani. Wanawake wa seli wanatoka wakimwogopa Baba na kumpenda Mwana, na utachukua miezi kuwarekebisha. Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo", na Yohana 10:18 Yesu anasema hakuna anayemwondolea uhai wake. Mfano wa daraja nao, hasa sasa tunapopita Kigongo–Busisi kwa miguu na magari, unavutia ila unamwonyesha mtu akitembea kumfuata Mungu aliyetulia ng'ambo.

Mfano unaofaa wauzaji wa Mwaloni ni Wakolosai 2:14. "Hati" pale ni karatasi ya deni iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa mwenyewe. Wino wa zamani haukuzama kwenye karatasi, ungeweza kuoshwa kwa sponji mpaka ukurasa ubaki mweupe, na ndicho kitenzi kilichotumika, kufuta. Tajiri anapokata jina lako kwa mstari mmoja wa kalamu, jina bado linasomeka chini yake. Huku hakuna cha kusoma.

Daftari_la_Neno

Naafiki. Na kwenye "Imekwisha" ya Yohana 19:30 usiseme kwamba ilikuwa inaandikwa kwenye risiti zote kumaanisha "imelipwa". Ushahidi wake ni dhaifu. Tumia mstari wa 28, kitenzi ni kilekile, "yote yamekwisha kumalizika".

Muda: dakika 10 neno upatanisho, 10 Walawi 16, 10 Warumi 3 na imani, 10 za mwisho kikoba. Kikoba kikitangulia hamtafika Warumi.

Mwana_wa_Kirumba

Na mhusika mwenyewe akiwa chumbani?

Katekista_Nyegezi

Mpe mtu mwingine asome Walawi 6, nawe utazame Biblia yako mpaka amalize.