Corolla AE111 (4A-FE) kutoka otomatiki kwenda manyuo: ninunue nini zaidi ya giaboksi?

corolla_97
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Corolla ya 1997, AE111, injini 4A-FE, usukani wa kulia. Kwenye sahani ya chesisi, mstari wa TRANS/AXLE umeandikwa A245E, na giaboksi hiyo imekufa: rivasi haiingii kabisa. Kuna muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, ana giaboksi ya C50 ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono), anaiuza peke yake. Nikiichukua, kipi kingine lazima nitafute? Na naikaguaje kabla ya kutoa hela?

spana14
Mkuu, giaboksi tupu usichukue. Tafuta seti nzima iliyotoka kwenye gari moja la manyuo, hata kama bei inapanda, maana vitu vidogo vikinunuliwa kimojakimoja ndivyo vinavyokula hela na siku. Seti iwe na giaboksi, flaiwili (gurudumu zito linalofungwa kwenye krenki) na boliti zake, presha pleti (inayobana klachi pleti kwenye flaiwili), uma wa klachi, slevu silinda (inayosukuma uma), masta ya klachi (pampu ya kwenye pedali) na bomba lake, kibebeo cha pedali kikiwa na pedali zote mbili (pedali ya breki ya otomatiki ni pana mno), leva ya gia na kebo zake mbili, mabano ya maunti upande wa giaboksi, stata, na drive shafti zote mbili (za kutoka giaboksi kwenda magurudumu). Klachi pleti na rilizi beringi nunua mpya.

Pedali ziwe za usukani wa kulia. Za gari la usukani wa kushoto kibebeo chake hakikai.

Kwenye drive shafti, meno kuingia kwenye difu hakutoshi. Pima urefu dhidi ya zako. Fupi itachomoka kwenye shimo kubwa barabarani, ndefu itagonga ndani ukikata kona.

fundi_gia
Kuhusu kukagua: mwombe afungue nati ya kumwagia oili, uikinge kwenye kopo jeupe. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni la sinkronaiza (pete za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia) na ni la kawaida likiwa kidogo. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno ya gia au beringi, hiyo iache. Kisha shika shafti ya mbele (inayoingia kwenye klachi) uitikise juu na chini. Ikicheza sana, beringi imekwisha. Ingiza kila gia huku unaizungusha shafti hiyo kwa mkono na kusikiliza. Gia ya tano kwenye C50 imekaa nje ya boksi kuu, chini ya kifuniko cha mwishoni, kwa hiyo unaweza kuiangalia bila kupasua giaboksi.

Kwenye injini, kabla ya flaiwili, badilisha sili ya nyuma ya krenki. Ikivuja baadaye, klachi mpya inaloa oili na unashusha kila kitu upya. Hesabu pia matundu ya boliti kwenye krenki: injini za A (familia ya 4A-FE) zipo za boliti 6 na za 8, na flaiwili lazima ilingane. Boliti za otomatiki usizitumie. Ni fupi kwa sababu pleti yake, inayokaa mahali pa flaiwili, ni nyembamba, zitashika nyuzi chache tu. Flaiwili ikakerezwe, kisha kaza kwa 78 Nm, na presha pleti 19 Nm kwa mkato wa msalaba.

Angalia zile pini mbili nene zilizo kwenye bloku zinazoongoza giaboksi. Zikikosekana, boliti zitakaza vizuri tu, lakini giaboksi inakaa pembeni kidogo, klachi inatetemeka na beringi ya mbele haidumu.

Oili ni lita 1.9 za 75W-90. Mimi napendelea GL-4 (daraja la oili ya gia) kwa ajili ya shaba ya sinkronaiza.

waya_mweusi
Umeme: swichi ya nyutro ya otomatiki (inayoruhusu stata ikiwa kwenye P au N tu) ikitolewa, stata haitapiga. Wengi huunganisha zile waya mbili za stata moja kwa moja.

fundi_gia
Hapo sikubaliani. Gari litawaka likiwa kwenye gia na kurukia aliyesimama mbele. Pitisha waya hizo kwenye swichi ya pedali ya klachi. Waya mbili za taa za rivasi zipeleke kwenye swichi iliyo juu ya C50.

corolla_97
Ahsanteni sana. Na kontroo boksi (kompyuta ya injini)? Rejeta je?

waya_mweusi
Herufi E mwishoni mwa A245E maana yake gia zinaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kontroo boksi yako itatafuta solenoidi (valvu za umeme za giaboksi) ambazo hazipo na kuweka kodi ya hitilafu. Injini inaweza kufanya kazi, ila safi zaidi ni kontroo boksi ya 4A-FE ya manyuo. Linganisha umbo na idadi ya plagi kabla ya kununua. Rejeta itumie hiyohiyo. Zile njia mbili za chini za kupozea oili ya otomatiki zizibe zisiingie mchanga.

Na ukichukua kebo za gia, chukua na vibanio vyake vidogo vya umbo la kiatu cha farasi. Vikikosekana, kebo inacheza na gia zitakuwa zinachomoka zenyewe.