Tupeane uzoefu: riwaya ya mapenzi uliyoisoma zamani, sasa unaisikiliza

Wakuu, habari zenu. Wale mlioisoma "Pride and Prejudice" ya Jane Austen enzi hizo halafu mkairudia kwa masikio, tukutane hapa.

Mimi niliisoma sekondari, nakala ya maktaba isiyo na jalada. Safari hii naisikiliza kwenye foleni ya Mbagala, msomaji ni Rosamund Pike, yule aliyeigiza Jane, dada mkubwa wa mhusika mkuu Elizabeth Bennet, katika filamu ya 2005. Macho huwa yanaruka, na enzi zile yangu yalikuwa yakiruka hotuba za Collins, yule binamu mchungaji, ili yamfikie Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth. Kwenye sauti huna pa kukimbilia. Collins anamposa Elizabeth kwa kutaja sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama katibu anayesoma ajenda za kikao. Nilicheka hadi konda akanigeukia. Jamaa ndiye kiboko ya wote humo ndani!

Nawasilisha. Wengine mmekutana na nini?

Shangazi wa Makorora
Mimi nimekutana na Lydia, mdogo wa mwisho wa Elizabeth. Nilipokuwa msichana nilimwona kichwa maji tu, basi. Leo nina binti wa rika lake. Hadithi inaanza ana miaka 15, anatoroshwa na Wickham, yule afisa wa jeshi, akiwa na 16. Halafu kumbukeni barua ya Darcy: dada yake naye alikuwa na 15 Wickham huyohuyo alipotaka kumtorosha kwa ajili ya mali. Kwenye kitabu hizo habari zimeachana kurasa nyingi, ila sikio lilizikutanisha. Nilizima simu nikaenda kupika, hasira zimenijaa.

Na mama Bennet, mama yao akina Elizabeth, tusimcheke sana. Mabinti watano, na mumewe akifumba macho tu, nyumba inakwenda kwa Collins kwa kuwa ndiye mwanamume wa ukoo. Ungekuwa wewe usingepiga kelele?

Wa Kayole
Shangazi umesema kweli. Ila mnaosikiliza kwa kasi ya 1.5 ili mmalize haraka, Austen mwenyewe asingewapenda. Kitabu kilipotoka Januari 1813 walikisoma kwa sauti nyumbani kwao Chawton, wakiwa na jirani mmoja ambaye hakujua kwamba mwandishi amekaa naye chumba kimoja. Jioni ya pili haikumfurahisha Austen. Akamwandikia dada yake Cassandra kwamba mama yao anakimbiza mno. Wahusika anawaelewa vizuri, lakini hawezi kuwasemesha inavyowapasa. Kwa hiyo malalamiko kuhusu msomaji yana umri sawa na kitabu.

Kobe Mvivu
Mimi imenishinda. Bando halikuwa tatizo, nilishusha bure LibriVox, wale wanaojitolea kusoma vitabu vya zamani. Tatizo ni Darcy. Niliishi na sauti yake kichwani tangu ujana, sasa anakuja mtu na sauti ya mwalimu wa zamu. Nimerudi kwenye karatasi.

Mwana wa Mwisho
Mimi nasikiliza na mama. Macho yake yamepungua na Kiingereza hakijui, kwa hiyo nasimamisha kila baada ya kipande, namweleza kwa Kiswahili, tunaendelea. Sura moja inaweza kula jioni nzima kwa sababu lazima atoe hukumu kwanza. Charlotte, rafiki wa Elizabeth, alipokubali kuolewa na Collins, mimi nilisikitika. Mama akasema huyo ndiye mwenye akili, ana miaka 27, hana mali, amepata kwake. Darcy, mama hakumtaka kabisa, mpaka Elizabeth alipofika Pemberley, kwa Darcy, na kuona ile nyumba. Hapo mama akanena: "Sasa atapenda."

Juzi tumefika pale Jane anapomuuliza mdogo wake alianza lini kumpenda Darcy, naye anajibu huenda ni tangu alipoviona viwanja vya Pemberley. Mama alipiga kofi: "Si nilikwambia!" Nimemweleza kwamba Elizabeth anatania. Hataki kusikia.