Masomo ya mtandaoni yamenishinda, nihamie kampasi au niahirishe mwaka?

SinaBando: Wakuu, nipo mwaka wa pili, digrii ya biashara, nasoma kwa mtandao. Sijaridhika hata kidogo. Mhadhiri anapandisha PDF ya kurasa 90 kwenye Moodle, tovuti ya masomo ya chuo, kisha anapotea. Ukiuliza swali, anakujibu mwenzako ambaye naye hajui. Zoom sauti inakwamakwama, bando la wiki linaisha Jumatano. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

MzeeKabrasha: Bando! Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992, sisi wa mwanzo tulisomea makabrasha na koroboi. Vijana mnadekezwa sana.

MamaTakwimu: Mzee, hajauliza hayo. Mdogo wangu, mimi nilisoma kampasi, wanafunzi mia nne ukumbi mmoja, nasikilizia dirishani. Somo nililolielewa ni la takwimu, na lilikuwa la mtandaoni. Mwalimu alirekodi vipande vya dakika kumi kumi, na kila Alhamisi usiku alijibu maswali yetu kwa sauti kwenye WhatsApp. Jogoo wake tulikuwa tunamjua. Kwa hiyo kampasi si dawa, ni mwalimu anayejibu. Kozwaki, zile alama za kabla ya mtihani, una ngapi?

SinaBando: 11 kati ya 40.

MamaTakwimu: Hiyo si bando. Sema yote.

SinaBando: Haya. Kwiz tatu alinifanyia jamaa, elfu tano kila moja. Msinihukumu, nipo dukani mpaka saa tatu usiku. Barua ya kuahirisha nimeshaiandika. Ile kwiz ya mwisho, Ijumaa 10 Mei, nikapata sifuri kwa sababu nyaya za baharini zilikatika. Kosa langu lipo wapi?

Kichekesho255: Umemlipa mtu akusomee, halafu wewe ndiye hujaridhika 😂😂

FundiRauta: Hii chai. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika Jumapili, 12 Mei 2024. Nakumbuka maana wateja walinipigia simu mpaka betri ikazima. Ijumaa intaneti ilikuwa nzima kabisa. Mleta uzi unatunga, na kutunga kwenyewe hujui.

Kichekesho255: Vitumbua viko wapi?

SinaBando: Sijatunga wakuu. Huyo jamaa wa kwiz ndiye aliyeniambia nyaya zimekatika.

FundiRauta: Alikwambia lini?

SinaBando: Jumatatu, nilipomuuliza matokeo.

MamaTakwimu: Na hela alishachukua?

SinaBando: Ngoja nimpigie.

SinaBando: Hapokei.