Tumuenzi vipi mwalimu wetu wa historia anayestaafu hapa Bagamoyo?

Mwanafunzi wa Zamani (mwenye swali)

Habari za leo, ndugu zangu wa Bagamoyo na wote mliosoma hapa. Mwalimu wetu wa historia anastaafu mwishoni mwa mwaka huu, na sisi tuliopita mikononi mwake tumeanza kuchanga fedha. Kamati imegawanyika: wapo wanaotaka sherehe ukumbini na zawadi ya jokofu, na wapo wanaotaka jina lake lichongwe kwenye jiwe mbele ya shule. Yote ni mema, lakini naona hayamgusi mwalimu tunayemjua, yule aliyetupeleka kwenye magofu ya Kaole kwa miguu, akatusimamisha kwenye kaburi la nguzo na kutuonyesha vishimo vya duara palipowahi kupachikwa mabakuli ya kaure kutoka China, kisha akatutaka tumweleze mabakuli yale yalinunuliwa kwa bidhaa gani, ni nani aliyeibeba bidhaa hiyo hadi pwani, na kwa nini mbebaji hakujengewa nguzo. Naomba ushauri wenu: ni jambo gani litakalomuenzi kwa namna inayofanana na kazi yake?

Mkazi wa Dunda

Ahsante kwa kulileta jambo hili, ndugu yangu. Mimi huwatembeza wageni katika mji mkongwe, na riziki hiyo niliipata darasani kwake. Wageni wengi hufika wakijua kwamba mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874, ukapokewa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Mwalimu hakuanzia hapo. Alianza na watumishi wake Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, waliouhifadhi mwili kwa chumvi kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikofariki Mei 1873, wakaubeba hadi pwani kwa safari ya takriban miezi tisa. Alitugawia ramani na uzi, tukaipima njia, tukakadiria mwendo wa siku moja, tukaondoa siku za mvua na za maradhi, na darasa lililozoea makelele likatulia likipiga hesabu. Hadi leo, nikimfikisha mgeni kwenye misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, huwataja wabebaji kwanza, ndipo nikamtaja aliyebebwa.

Kwa hiyo napendekeza mfuko wa safari, ili kila mwaka wanafunzi wapate nauli na kiingilio cha kwenda Kaole, misheni na Ngome Kongwe. Jiwe tuliache.

Mwalimu Kijana

Nafundisha somo hilohilo, na aliyenishika mkono nilipoajiriwa ni yeye. Naunga mkono mfuko wa safari, ingawa nauli pekee haitoshi, kwa kuwa darasa kubwa likipelekwa magofuni bila maandalizi hurudi na picha tu. Kilichoifanya safari yake iwe somo ni maswali aliyoyaandaa wiki nzima kabla ya kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo huenda wengi hamlijui. Kabatini mwake yamo madaftari makubwa ambamo wanafunzi wa miaka mbalimbali waliandika masimulizi ya wazee wa mji huu: habari za misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Tabora na Ujiji, na za vita vya mwaka 1888 na 1889 vya Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa Pangani, kama wazee hao walivyozisikia kwa babu zao. Wengi wa waliosimulia wamekwishatangulia mbele ya haki, na karatasi zimeanza kuliwa na mchwa. Nawasihi, fedha ya kwanza itumike kuyapiga picha kurasa kwa kurasa na kuyachapa, kwa sababu safari ya Kaole inaweza kusubiri mwakani, lakini madaftari hayawezi.

Mama wa Magomeni

Wanangu, nimewasoma nyote, na fikra zenu ni njema. Mmoja wa wazee waliomo katika madaftari hayo ni marehemu baba yangu. Mwalimu alikuja barazani kwetu na vijana wake, akasikiliza hadi Alasiri, kisha akamsomea baba yote yaliyoandikwa na kumuuliza ni lipi angependa libaki baina yao. Baba alitaja habari za bibi yake, aliyeletwa pwani utumwani. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: lisisomwe mbele ya darasa. Hakulifuta, wala hakulitangaza. Katika mji huu zipo familia ambazo hadi leo hazipendi asili yao itajwe hadharani, na mwalimu alilijua hilo. Basi kabla hamjachapa lolote, ziendeeni familia moja moja mkaombe ridhaa, na mahali penye wino mwekundu msipaguse bila wenyewe.

Mwanafunzi wa Zamani

Shikamoo, mama, na ahsanteni wote. Nitaiomba kamati ipunguze sherehe iwe chakula cha mchana cha kawaida, na fedha nyingine ielekezwe kwenye madaftari kwanza, kisha safari. Kaka wa Dunda, naomba utusaidie kuzitambua familia zilizohama mtaa. Nawe mwalimu, muulize mzee mwenyewe kama atakubali kukaa nasi na kutufafanulia alama zake za pembeni, maana ni yeye pekee anayezijua zote.