Steroidi za kutuliza uvimbe: mchezaji mwenye kotisoli ya chini asiruhusiwe kushindana

Wengi hapa mmesema prednisoloni na triamsinoloni ni dawa za hospitali, hazijengi misuli, basi mchezaji aachiwe daktari wake. Napinga, na kinachonisumbua zaidi ya udanganyifu ni uhai wa mchezaji mwenyewe.

WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, inazikataza dawa hizo wakati wa mashindano tu, yaani kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia siku yenyewe. Tangu Januari 2022 sindano zote zimo kwenye katazo, hata ya kwenye goti. Ya kuvuta kwa ajili ya pumu na ya kupaka ngozini ni ruksa kwa dozi ya kawaida. Mazoezini hakuna anayekuuliza, ilhali triamsinoloni ikichomwa kwenye msuli, WADA yenyewe inashauri kusubiri siku 60 kabla ya kushindana.

Hebu tazameni mwilini. Steroidi ya nje ikijaa kwenye damu, ubongo huacha kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitengeneze kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili mshtuko, nazo hulala. Mwendesha baiskeli mwenye hali hiyo akianguka mteremkoni na kuvunjika nyonga, mwili unaitafuta kotisoli ya dharura na haipo. Presha inaweza kuporomoka hadi akafa.

MPCC, umoja wa hiari wa timu za baiskeli, una kanuni ninayoitaka kila mahali: kotisoli ikiwa chini, unapumzika siku zisizopungua nane, na hutarudi mpaka ipande. Mwaka 2014 Chris Horner, bingwa mtetezi wa Vuelta a España, mbio za baiskeli za Uhispania, alizuiwa siku moja kabla ya mbio kuanza, ingawa alikuwa na kibali halali cha kutibu mkamba. Wengi waliona kaonewa. Mimi naona alilindwa, maana kibali hakiziamshi tezi. Wala hakuitwa mdanganyifu.

Udhaifu wa kanuni hiyo ni huo uhiari. Mwaka 2015 Lars Boom alikutwa na kotisoli ya chini, timu yake ya Astana, iliyokuwa ndani ya umoja huo, ikamwanzisha Tour de France hivyo hivyo.

Ni kweli kotisoli hushuka yenyewe kadiri siku inavyosonga. Basi damu ichukuliwe asubuhi, na kipimo kirudiwe kukiwa na shaka.

Mnaotetea kibali cha daktari, nijibuni: mchezaji akiwa mgonjwa kiasi cha kuhitaji sindano ya namna hiyo, kwa nini aanze mashindano wiki hiyo hiyo?